Maiti Aliyepumua

Nyumbani walimwita Redio, kwa sababu tangu alipojua kusema hakuwahi kunyamaza. Akimsikia mwenye duka akigombana na mteja mchana, jioni anawarudia wote wawili mezani, sauti ile ile, kikohozi kile kile, mpaka baba yake anadondosha kijiko kwa kicheko. Alimwiga mwalimu mkuu. Aliwaiga mashangazi wakisalimiana kwa kununiana. Alimwiga jirani aliyekuwa akiongea na simu kama mtu anayeita ng'ambo ya mto. Alipokua, hakuna aliyemuuliza atakuwa nani. Redio atakuwa mwigizaji, basi, kama maji yanavyofuata mkondo.

Ndiyo maana siku ile, alipolazwa chali juu ya theluji, mlimani, mbali na kila mtu anayemjua, akaambiwa asiseme, asikohoe, asifumbue jicho wala asipumue, aliona kuna mtu mahali fulani anamcheka.

Alikuwa maiti. Na aliyekuja kumlilia, mhusika mkuu wa filamu yenyewe, ambaye kamera ilimfuata kama kifaranga kinavyomfuata kuku, alikuwa mdogo wake mwenyewe aliyemfuata ziwa.

Mambo yalianzia kwenye usaili. Redio alikuwa ameshakaa miaka na kikundi cha maigizo kilichofanyia mazoezi kwenye ukumbi mmoja juu ya gereji, mahali ambapo ukitaka kusema neno la mapenzi lazima usubiri chini wamalize kugonga bodi ya gari. Mchana aliuza miwani. Jioni alikwenda gereji. Huko alijifunza kuanguka bila kuumia, kuongea kwa pumzi ya tumboni, na kulia kwa jicho moja huku lingine likicheka. Mdogo wake hakujifunza lolote. Huyo walimwita Kidoti, kwa ajili ya alama nyeusi aliyozaliwa nayo juu ya mdomo, na kazi yake ilikuwa kushona mapazia. Shuleni hata kwenye mchezo wa kufunga mwaka alikataa kuwa mti.

Siku ya usaili Redio alisahau viatu vyake virefu nyumbani. Akapiga simu, na Kidoti akaja navyo mbio. Akasimama mlangoni akihema, nywele zimelowa mvua, viatu amevikumbatia kifuani kama mtoto mchanga.

"Samahanini," akasema. "Nimemletea dada yangu viatu."

Mwongozaji wa filamu, mama mmoja mfupi aliyevaa miwani miwili, mmoja machoni na mwingine kichwani, alikuwa ameinamia makaratasi yake tangu asubuhi. Akainua uso.

"Hebu rudia."

"Nirudie nini?"

"Ulivyosema."

Kidoti akarudia. Watu wakacheka, na Redio akacheka nao, akidhani ni utani. Wiki iliyofuata simu ikaja. Kidoti ndiye atakayekuwa msichana anayepanda mlima kumtafuta dada yake aliyepotea. Na Redio? Redio atakuwa dada mwenyewe, anayekutwa amekufa chini ya theluji. Walimchukua kwa sababu wanafanana. Hata nafasi hiyo ya kulala, basi, hakuipata kwa kipaji. Aliipata kwa pua.

"Mmepata wote wawili!" mama yao akapiga vigelegele. Redio akatabasamu meno yote nje, akaingia chooni, akafungulia bomba la maji ili asisikike. Watu husema bahati ya mwenzio usiilalie mlango wazi. Yeye aliishi na bahati hiyo chumba kimoja, kitanda kwa kitanda, na asubuhi bahati yenyewe humuuliza, "Dada, umeona kitana changu?"

Walifika chini ya mlima siku moja kabla ya kupiga picha, wakalala kwenye nyumba ya mbao iliyonuka soksi na moshi. Kidoti alilala kama gogo. Asubuhi, wakivaa, akakaa kitandani na mguu mmoja umeshaingia kwenye buti.

"Dada, yale maneno ya pale ninapokukuta. Nitayasemaje?"

Redio alijua. Alikuwa ameyasoma maneno hayo, akayasema mbele ya kioo cha duka la miwani wateja wasipokuwepo, akapata mahali pa kusita, mahali pa kukatika sauti, mahali pa kumeza mate. Alikuwa nayo yote mkononi, yameiva.

"Sema tu unavyojisikia," akajibu, akavuta zipu ya begi lake.

Gari lililowapandisha lilikuwa la magurudumu ya minyororo, kama la jeshi, likinguruma na kutikisa matumbo. Walipofika kwenye kona ya mwisho yenye mtandao, simu ya Redio ikalia. Mama.

"Mmeamkaje huko? Mdogo wako amekula?"

"Amekula, mama."

"Amevaa soksi mbili? Unajua huyo miguu yake."

"Mama, hata mimi niko huku huku mlimani."

"Wewe najua utajitunza," mama akasema kwa upendo wote, na mtandao ukakata. Redio akaitazama simu. Kila mtoto wa kwanza ameshaambiwa maneno hayo, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuyapokea kama sifa.

Gari lilipofika ukomo wake walishuka wakapanda kwa miguu, nyuma ya mwongoza njia aliyekuwa akichoma theluji kwa fimbo kabla ya kukanyaga. Huko juu kulikuwa kweupe mpaka macho yanauma. Hakuna mti, hakuna ndege, hakuna harufu. Ukisema neno, linatoka kinywani na wingu lake dogo, halafu linapotea kama halikusemwa. Redio, ambaye hakuna mahali alipowahi kuingia bila kupasikiliza, alisikia damu yake mwenyewe masikioni.

Palikuwa na mahema mawili. Moja lilikuwa na jiko la gesi, kiti chenye mto, na blanketi. Hilo la Kidoti, ili uso wake usigande. Lingine lilikuwa la vyombo, watu wengine, na Redio.

"Naweza kuota moto kidogo na mimi?" akamwuliza mpambaji, dada mwenye vidole vyepesi aliyekuwa akimpaka rangi ya bluu midomoni.

"Wewe? Wewe ukipata baridi ndiyo vizuri, mpenzi. Unanipunguzia kazi."

Kupitia uwazi wa hema Redio alimwona mdogo wake ameketi, koti jekundu limemkaa kama alizaliwa nalo, mtu mmoja anamshikia kikombe, mwingine anamfunga kamba za buti. Kumfunga kamba! Mtu ambaye nyumbani viatu vyake hutafutwa chini ya kochi na nyumba nzima! Roho ikamuuma Redio pale pale, maumivu ya kweli, chini ya mbavu upande wa kushoto.

Wakamlaza. Chini waliweka godoro jembamba na nailoni, juu wakamfunika theluji miguu na kifua, wakaacha uso na mkono mmoja. Mpiga picha akapiga magoti kando yake. Huyo alikuwa jitu la mwanamume lililotembea na mikono imebana ubavuni, kwa sababu betri za kamera hufa kwa baridi na yeye alizitunza kwapani kama mayai.

"Sikiliza, marehemu," akamwambia. "Tatizo letu ni mvuke. Ukipumua, unaonekana. Sasa, weka kipande hiki cha barafu mdomoni. Mdomo ukiwa wa baridi, mvuke hautoki sana. Ukisikia 'twende', zuia pumzi. Umeelewa?"

"Nimeelewa."

"Usiseme 'nimeelewa'. Umekufa."

Watu wakacheka. Redio akaweka barafu ulimini, akafumba macho.

"Haya, twende!"

Mara ya kwanza Kidoti alikuja akitembea kama anayepita mbele ya wageni ukweni. "Kata!" Mara ya pili alisahau maneno. Mara nyingine aliyakumbuka yote, akayatoa moja baada ya jingine kama anayesoma bei za mapazia. Kila mara theluji ilikuwa imekwisha kukanyagwa, haifai tena, ikabidi wahame juu kidogo, wamfukue maiti, wamzike upya. Betri moja ikafa, wakasubiri nyingine ipate joto kwapani. Mpambaji akaja na dawa ya kutoa machozi. Mwongozaji akakataa katakata.

"Sitaki maji. Nataka kilio."

Na Redio, chini ya theluji, meno yakigongana, vidole havisikii kitu, alikuwa na furaha. Ndiyo, furaha! Moyo wake ulicheza ngoma. Waone sasa. Waone kwamba kazi hii ina wenyewe, kwamba mtu haokotwi mlangoni na viatu mkononi akawa mwigizaji. Alimsikia mwongozaji akivuta pumzi kwa nguvu kama mtu anayejizuia, na sauti hiyo ikamwingia masikioni tamu kama muziki.

Kidoti akaja akachuchumaa karibu yake wakati wengine wanasogeza kamera. Pua yake ilikuwa nyekundu.

"Dada. Nisaidie. Nafanyaje?"

Redio akafumbua jicho moja. "Maiti hawasemi," akajibu, akalifumba.

Kidoti akabaki pale kidogo. Kisha buti zake zikaondoka, kwa, kwa, kwa, polepole.

Ile mara iliyofuata hakuna aliyeitegemea. Jua lilikuwa limeingia nyuma ya wingu na mwanga umekuwa wa kijivu. "Twende," mwongozaji akasema, kwa sauti ya mtu aliyechoka. Redio akazuia pumzi. Alisikia hatua zikija, zikajikwaa, zikasimama. Halafu zikaja mbio. Magoti yakaanguka kando ya mbavu zake, na mikono ikaanza kufukua theluji kwa glavu, kisha bila glavu, maana alisikia kucha. Kiganja kikagusa shavu lake. Kikaondoka haraka, kama kimeungua. Kikarudi.

Maneno ya kwenye karatasi hayakuja. Kisha Kidoti akatoa sauti ambayo gereji hawakuwahi kuifundisha, sauti ya mtu anayejaribu kunyanyua kitu kinachomzidi uzito, akashindwa, akajaribu tena.

"Amka, bwana," akasema. "Amka. Amka, tumechelewa."

Ndivyo alivyomwamsha kila siku ya kazi nyumbani, akimtikisa bega hivyo hivyo. Chozi likamdondokea Redio kwenye kope, la moto. Hakuna aliyekohoa kule nyuma ya kamera. Redio alikuwa amevisoma vilio vyote, cha kwikwi, cha kimya, cha mjane, cha mwongo, na ngozi yake ikamwambia kabla ya akili: hiki ndicho. Hiki ambacho amekitafuta miaka yote juu ya kelele za nyundo, hiki hapa, kimekuja chenyewe, na kimemwendea mshona mapazia.

Wivu ukampanda kutoka tumboni kama maziwa yanayochemka, huyaoni yakianza, unayaona yameshafika ukingoni. Pumzi alikuwa nayo. Angeweza kuizuia bado, na zaidi. Alijua kwamba angeweza.

Akameza barafu. Akaachia midomo kidogo tu, unywele. Akapumua.

Ikatoka ndefu, ya moto, taratibu.

"Ka... kata!" mpiga picha akalia. "Ah, jamani! Maiti amepumua!"

Mmoja akacheka, akanyamaza peke yake. Mwongozaji aligeuka akaenda kuinamia skrini yake ndogo chini ya kitambaa cheusi. Redio akajiinua, akakohoa kikohozi cha kitaalamu.

"Samahanini sana. Barafu imenipalia."

Wote wakaamini. Wakamletea chai, wakamfuta theluji mgongoni, pole, pole sana, tangu asubuhi umelala hapo. Wote, isipokuwa mmoja. Kidoti alikuwa amelala kando ya kifua kile tangu utotoni. Alijua kinavyopumua kikiwa usingizini na kinavyopumua kikijifanya, na alijua kikohozi kipi ni cha dada yake na kipi ni cha kuazima. Akamshika mkono, akampeleka kwenye hema lenye jiko, akafunga mlango.

"Umefanya makusudi."

Redio alitaka kukana. Alikuwa na sauti nyingi za kukania. "Ndiyo," akasema.

"Kwa nini?"

"Unauliza? Mimi nimechumia juani, Kidoti. Miaka! Wewe umekuja na viatu."

"Vyako! Nilileta viatu vyako! Kwenye mvua!"

"Si ndiyo hapo!"

Jiko la gesi lilikuwa likivuma. Kidoti akafuta pua kwa mkono wa koti la thamani, na Redio, hata katika hali ile, akawaza mpambaji akiona atazimia.

"Unadhani nilikuwa naigiza pale?" Kidoti akauliza. "Mimi sijui kuigiza, dada. Asubuhi yote sikujua nifanye nini. Halafu jua likaondoka, nikafika, nikakuona midomo ya bluu, theluji kwenye nyusi, na shavu la baridi kama nyama ya dukani. Nikaona umekufa. Basi. Nimekuona umekufa, nikalia. Ningefanyaje?" Akavuta kamasi. "Na sasa wanataka nirudie, na sitaweza, maana nimekukasirikia, natamani ungekufa kweli."

Aibu ilimwingia Redio mpaka kwenye vidole vilivyokuwa havisikii kitu. Ndicho alichokivunja, basi: mtu kumlilia yeye. Lakini lazima isemwe kweli ilivyo. Chini ya aibu ile wivu ulikuwa bado upo, umejikunja kama paka, na ulikuwa ukisema: hata hasira inamtoka vizuri.

Mlango wa hema ukafunuliwa. Ilikuwa ni mwongozaji, miwani yote miwili kichwani.

"Njooni muone kitu."

Wakaenda wakainama chini ya kile kitambaa cheusi, mashavu yamekaribiana. Kwenye skrini palikuwa na mgongo mwekundu wa Kidoti umeinama, kisogo chake, bega linalotikisika. Amka, bwana. Tumechelewa. Na chini ya shavu lake, kutoka kwenye uso ule wa bluu ambao Redio hakuutambua kuwa ni wake, ukapanda mvuke. Mwembamba, mrefu. Ukapita kando ya shingo ya mdogo mtu, naye bado analia, hajui.

Mwongoza njia, ambaye muda wote alikuwa akitazama mawingu, alikuwa ameacha kuyatazama.

"Hajafa," mwongozaji akasema polepole. "Hadithi nzima nilikuwa nimeikosea. Dada hajafa bado." Akamgeukia Redio na kumshika mikono yote miwili. "Wewe! Ulijuaje?"

Redio akaona macho ya Kidoti yakimtazama kutoka pembeni. Akasubiri asemwe. Kidoti akatazama buti zake.

"Sikujua," Redio akajibu. Angalau hilo lilikuwa kweli.

"Tunaongeza kipande. Sasa hivi. Unafumbua macho, unamwambia neno, ndipo unakufa."

"Wingu lile si la kheri," mwongoza njia akasema, akionyesha kwa fimbo. "Mkifanya, fanyeni mara moja, tushuke."

"Nimwambie neno gani?" Redio akauliza.

"Sijui, mama. Mimi sina dada. Neno la ndugu. Fupi."

Wakamlaza tena. Sasa ndiyo nafasi aliyoililia imekuja, kamera imemwinamia usoni, na Redio akaanza kutafuta ndani ya ghala lake. Akatoa sauti ya malkia anayeaga dunia, akairudisha. Akatoa ya mama mzee aliyewahi kuiigiza gereji watu wakasimama. Akatoa ya kunong'ona, ya kusamehe, ya kutabiri. Zote zilikuwa nzuri, na zote zilinuka duka. Mdomo ulikuwa umekufa ganzi, upepo umeanza kuvuma, na aliposikia "twende" hakuwa na hata neno moja.

Akafumbua macho. Kidoti alikuwa juu yake, macho yamevimba, bado amenuna. Waliomvalisha walikuwa wamemwachia koti wazi ili skafu ionekane, na upepo ulikuwa ukimmwagia theluji shingoni, ukimwingia mpaka kifuani, naye anatetemeka hana habari.

"Funga koti," Redio akasema.

Ilikuwa sauti yake mwenyewe, kavu, ya kuudhika, ile ya mlangoni asubuhi. Kidoti akamkodolea macho. Kicheko kikamponyoka, cha puani, pamoja na kamasi. Halafu mdomo wa chini ukaanza kucheza. Akashika kifungo cha kwanza kwa vidole vilivyokuwa haviwezi. Akakifunga. Akashika kingine. Alifunga vifungo vyote mpaka shingoni, akilia, bila kumwondolea dada yake macho, na mwongozaji hakusema "kata" mpaka alipokwisha.

Ukidhani wivu uliishia pale, humjui Redio, wala wivu wenyewe huujui. Kazi ilipokwisha watu walipiga makofi, wakakimbia, na waliyemkimbilia ni Kidoti. Mwongozaji alivua koti lake mwenyewe akamfunika. Mpiga picha alimnyanyua juu, betri zikamdondoka. Redio alijitoa kwenye theluji peke yake, goti baada ya goti, na mpambaji akampa kikombe cha chai iliyopoa akisema, "Umejitahidi." Umejitahidi! Neno la kumpa mtoto aliyeshika nafasi ya mwisho.

Ndani ya gari, wakishuka na wingu limewafuata nyuma kama mbwa, Kidoti akamlalia begani.

"Sitamwambia mtu," akasema bila kufumbua macho.

"Sijakuomba."

"Najua. Ungeniomba ningesema."

Redio akakaa bila kutikisika njia nzima, bega limemfa ganzi upande ambao baridi ilikuwa haijaufikia.

Filamu ilipotoka ukumbi ulijaa. Mama yao alikaa katikati ya binti zake, akiwashika wote, na ilipofika pale Redio alimsikia mama akiacha kupumua. Mvuke ulipopanda kwenye pazia kubwa, ukumbi mzima ulitoa sauti moja, "Aaah!", watu mia kadhaa kwa pumzi moja. Baadaye, waigizaji wameketishwa mezani mbele ya ukumbi, mwandishi wa gazeti akasimama akauliza, kwa Redio hasa, alipataje wazo la pumzi ile, ambayo kwa maoni yake ndiyo roho ya filamu.

Redio akashika kipaza sauti. Mguu wa Kidoti ulikuwa umeugusa wa kwake chini ya meza.

"Nilichoka kuzuia," akasema.

Watu wakapiga makofi kwa muda mrefu. Waliona ni jibu la msanii.

Baada ya hapo simu zilimjia, lakini kila mwongozaji aliyempigia alitaka afe. Alikufa kwa homa, akafa kwa ajali, akafa kwa kuvunjika moyo kwenye kiti cha hospitali, na kila mara walimwomba apumue kidogo mwishoni. Ikapita miaka kabla hajapata nafasi ya mama mwenye nyumba mmoja mkali aliyesema tangu mwanzo wa filamu mpaka mwisho bila kupumzika, na hapo ndipo watu wakamjua. Kidoti yeye hakungoja hata mvua moja. Aliitwa kwenye kazi kubwa, nchi nyingine, kwa ndege.

Siku ya kuondoka, sanduku lilikataa kufungika. Lilikuwa limejaa nguo mpya, na juu yake mama alikuwa ameongeza soksi. Redio akalikalia. Kidoti akapiga magoti mbele yake, akavuta zipu, ikafika kwenye kona ikagoma.

"Unaniombea, dada?" akauliza, uso kwenye zipu.

"Nakuombea. Lakini nakuonea wivu mpaka meno yananiuma."

"Najua, bwana," Kidoti akasema. "Hebu jisogeze kushoto kidogo, haijafika."

Redio akajisogeza kushoto, akakaa kwa uzito wake wote.